Bastola kiunoni na upepo wa Newala

Upepo wa Newala hauna adabu. Unapanda kutoka bonde la Ruvuma, unaparamia ukingo wa uwanda wa Makonde pale Shimo la Mungu, kisha unaingia mjini na kufunua kila kilichofungwa ovyo: khanga, mwavuli, shati lisilochomekewa. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyepiga kambi hapa mwaka 1906, aliulalamikia, na zaidi ya miaka mia moja baadaye haujapungua ukali.

Kwa mtu anayetembea na bastola kiunoni, upepo huo ni mpelelezi. Shati likipepea mara moja tu mbele ya kijiwe cha bodaboda, siri imekwisha. Kabla ya magharibi, kuanzia Mkunya mpaka Luchingu, watu watajua kwamba fulani ana mguu wa kuku, na wengine watakuwa wameshaongeza ya pili na ya tatu.

Wapo wanaotembea nazo, tena kwa leseni. Si wengi na hawajitangazi: wenye maduka ya jumla, wanunuzi wa korosho, wenye vituo vya mafuta, wafanyabiashara wa madini wanaopita Masasi kwenda Tunduru, wanasiasa wawili watatu. Watu hawa wana taabu ambayo hawawezi kuizungumza barazani, nayo ni ya kimwili kabisa. Unabebaje kipande cha chuma kutwa nzima, juani, bila kuumia na bila kuonekana?

Silaha ambayo watu wa Masasi na Newala wameizoea tangu enzi za babu ni gobore. Linashindiliwa baruti kwa mbele, linatumika kumtisha nguruwe pori na ngedere shambani, na likibebwa linabebwa begani, waziwazi. Yapo yenye kibali na yapo, mengi tu, yasiyo na kibali. Lakini gobore halina unafiki, maana anayepishana nawe njiani anaona ulichobeba na anajua la kufanya. Bastola ni kinyume chake. Imetengenezwa ili isionekane, na ugumu wote wa kuibeba unaanzia hapo.

Tuanze na uzito. Makarov, bastola ya Kisovieti ya mwaka 1951 iliyoenea Afrika kupitia majeshi na polisi, ina gramu 730 hivi kabla hujaijaza risasi. Glock 19, yenye mwili wa plastiki ngumu, ina gramu 600 na ushei. Ukiishika mkononi dakika moja hutasikia kitu. Ifunge upande mmoja wa nyonga toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka usiku, uone mgongo utakavyokwambia jioni. Suruali inavutwa chini upande ule, unaipandisha, inashuka, unaipandisha tena, na kule kupandisha kwenyewe ndiko kunakokuumbua. Askari kanzu wazoefu hawahitaji kuona chuma. Wanatazama mkono unaokwenda kiunoni mara kwa mara kana kwamba mwenyewe anahesabu kama bado ipo.

Dawa ya kwanza basi si kifuko cha bastola, ni mkanda. Mikanda mingi inayouzwa kwenye minada yetu ni karatasi iliyopakwa rangi ya ngozi. Ukiining'inizia kitu kizito inajikunja na kulala. Fundi viatu mzuri wa Masasi anaweza kukushonea mkanda wa ngozi ya ng'ombe ya safu mbili, mgumu, unaosimama wenyewe ukiuweka juu ya meza. Mkanda wa namna hiyo unagawa uzito kuzunguka kiuno kizima. Ya pili ni suruali yenyewe: anayevaa namba 34 anunue 36, kwa sababu chuma nacho kinahitaji nafasi yake.

Kisha ndipo kifuko. Hapa watu wengi hufanya ubahili wa hatari. Wametumia fedha nyingi kununua bastola Dar es Salaam, halafu wanaitia kwenye kifuko laini cha nailoni, au mfukoni pamoja na funguo, au wanaichomeka tu kati ya suruali na tumbo kama kwenye sinema. Kifuko kinachofaa ni kigumu, kimekatwa kwa umbo la bastola ile ile na si nyingine, hakibonyei kikiwa kitupu, na kinaifunika triga yote. Hilo la mwisho si suala la starehe. Glock haina kitasa cha usalama cha kubonyeza kwa kidole gumba kama Makarov. Usalama wake umejengwa ndani ya triga yenyewe. Funguo ikiingia pale, au pindo la shati likijikunja pale wakati unairudisha, risasi inatoka, na inakoelekea ni paja lako au kinena chako. Kutoka Newala kwenda hospitali ya Mkomaindo pale Masasi ni kilomita 70 hivi. Mshipa mkubwa wa pajani hausubiri kilomita 70.

Mahali pa kuiweka mwilini kuna ubishi usiokwisha, na wabishi wengi husahau kwamba kila mwili una maumbile yake. Ubavuni, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga, ndipo panapowafaa wengi: ukisimama inatulia, ukitembea mkono unaifunika. Ukiinama kuokota kitu, lakini, mpini unatokeza mgongoni kama nundu. Mbele, upande wa kinena, inafichika vizuri zaidi na mwenyewe anaiona muda wote, ila mwenye kitambi hawezi kukaa nayo, na mtutu unaelekea mahali ambapo hakuna mwanamume anayependa uelekee. Katikati ya mgongo ndiko kubaya kuliko kote, ingawa vijana wanapapenda. Anguka na pikipiki chali kwenye mchanga wa barabara ya shamba, chuma kile kitakutana na uti wa mgongo. Kwapani kunahitaji koti, na anayevaa koti Masasi mwezi wa Novemba, jua likirudi kutoka kwenye majabali yanayouzunguka mji, anajitangaza kwa jasho. Kifundoni ni kwa mtu wa kukaa garini, kwa sababu anayetembea atachechemea.

Vazi lililotatua tatizo hili zamani, bila kukusudia, ni Kaunda suti. Koti jepesi la mikono mifupi, halichomekewi, linashuka mpaka chini ya nyonga, lina mifuko mikubwa ya pembeni inayovunja umbo la kilichomo ndani. Sisemi kila mzee aliyeivaa miaka ya sabini alikuwa na kitu. Nasema fundi cherehani aliyeishona alimfanyia mwenye bastola hisani kubwa kuliko viwanda vingi vya vifuko. Leo shati la kitenge lililonyooka, la kitambaa kizito, lenye maua yanayopotosha jicho, linafanya kazi ile ile, na mwenye busara huongeza kapindo kizito chini ili upepo wa Newala usilichezee.

Kwa wanawake wenye leseni ushauri wa kawaida ni pochi, nami naupinga. Pochi hunyakuliwa. Kijana wa pikipiki akipita nayo, amepata simu, fedha na bastola kwa mkono mmoja. Tena pochi huwekwa chini, huachwa juu ya kiti, hupekuliwa na mtoto anayetafuta pipi. Silaha isiyo mwilini mwako iko mikononi mwa yeyote aliye karibu nayo.

Maisha yetu yenyewe hayakuachii kitu kifichike kirahisi. Tunasalimiana kwa kukumbatiana. Msibani unainama kuchimba kaburi na unabeba jeneza begani, shati likipanda. Kwenye bao unakaa umejikunja saa nzima. Kwenye ngoma za kuwatoa wali jandoni unabanwa na umati kila upande. Bodaboda inakupakia mishikaki, na abiria wa nyuma anakuegemea. Na kuna choo cha shimo, ambacho ni mtihani wa peke yake: mkanda ukilegea umechuchumaa, gramu 730 zinakwenda chini, na kuripoti upotevu ule polisi ni aibu isiyo na mfano. Mwenye akili huitoa na kifuko chake chote kabla ya kulegeza mkanda na kuishika mkononi. Haitundiki kwenye msumari wa mlangoni, maana msumari ndio unaosahauliwa.

Ijumaa kuna msikiti. Kanzu inaficha vizuri kuliko vazi lolote, mpaka mtu anapokwenda kusujudu. Wapo wanaoiacha garini, na gari lililoegeshwa nje ya msikiti wakati wa swala ni zawadi kwa mwizi. Wapo wanaoingia nayo. Kuhusu hilo yapo mafundisho ya kale kuliko baruti: katika hadithi iliyopokewa na Abu Musa, Mtume aliagiza kwamba anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake za chuma, asije akamdhuru Mwislamu. Sijui kanuni ya kifuko cha bastola iliyo fupi na kamili kuliko hiyo. Awe Mtume, awe mtengenezaji wa vifuko wa karne hii, wote wanaanzia kwa jirani yako na si kwa adui yako. Ukiweza, Ijumaa iache nyumbani, ndani ya kasha la chuma lenye kufuli.

Jasho nalo lina lake. Chumvi ya mwili inakula chuma, na bastola inayolala juu ya ngozi kutwa nzima Masasi huanza kupata madoa ya kutu mapema kuliko mwenyewe anavyodhani. Fulana nyepesi ya pamba kati ya mwili na kifuko inasaidia ngozi na inasaidia chuma. Jioni inafutwa kwa kitambaa kikavu na tone la mafuta, vumbi la uwanda wetu linapulizwa kutoka kwenye magazini, na risasi zilizokaa muda mrefu kwenye jasho zinabadilishwa. Haya ni mambo ya dakika chache ambayo wengi hawayafanyi, ndiyo maana kuna bastola zinazotembezwa kila siku mkoani Mtwara ambazo zikihitajika hazitalia.

Na leseni? Sheria inayotawala ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Ombi linaanzia chini, kwa watu wanaokujua, kijijini au mtaani, linapanda kupitia kamati za ulinzi na usalama na polisi wa wilaya mpaka mkoa. Kila ngazi inaweza kusema hapana. Wengine huona huo ni usumbufu wa ofisi. Mimi naona ni sehemu yenye hekima kuliko zote katika mfumo wetu: jirani aliyesikia ugomvi wako wa ndoa, mwenyekiti anayejua unavyokunywa, wote wana neno kabla bastola haijafika kiunoni. Silaha ya mtu binafsi Tanzania ni ruhusa, na ruhusa huondolewa. Mwaka 2016, wakati wa uhakiki wa silaha, wamiliki walitakiwa kuzifikisha polisi zikaguliwe pamoja na vibali vyake.

Swali la msingi zaidi ni kwa nini mtu wa Newala aitake bastola hata kidogo. Jibu kwa miaka mingi lilikuwa korosho, au kwa usahihi zaidi, fedha taslimu za korosho. Msimu ukifunguliwa Oktoba, mamilioni yalikuwa yakitembea uwandani kwenye viroba na mabegi ya nguo. Wanunuzi walizipeleka vijijini. Hata baada ya mfumo wa stakabadhi ghalani kuanza mwaka 2007, makarani wa vyama vya msingi walichukua fedha benki na kuzisafirisha kwenda kulipa wakulima, juu ya barabara za mchanga, kila mtu akijua siku ya malipo. Mwenye kazi ya namna hiyo alikuwa na sababu ya kuomba leseni, na kamati ilimwelewa.

Mambo yakageuka polepole. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008. Malipo ya wakulima yakahamia kwenye akaunti za benki. Novemba 2018, Rais John Magufuli alipoamua Serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulipeleka jeshi kuisomba, fedha ziliingizwa kwenye akaunti za wakulima wenyewe. Kwa msimu wa 2024/25 minada ya vyama vikuu vya ushirika, TANECU na MAMCU, iliingia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX, na bei ikavuka shilingi 4,000 kwa kilo. Fikiria ukubwa wa fedha hizo, kisha fikiria kwamba sehemu kubwa yake haikugusa kiroba cha mtu. Aliyebaki na fedha mkononi ni kangomba, yule anayenunua kwa bakuli usiku kinyume cha sheria, na huyo hawezi kwenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya (OCD) kuomba leseni ya kulinda biashara ya magendo.

Kwa maneno mengine, simu na kitabu cha benki vimewapunguzia watu wa uwandani mzigo wa kiunoni kuliko kifuko chochote cha ngozi. Mwenye duka la jumla anayepeleka mauzo yake kwa wakala mara tatu kwa siku ana haja ndogo ya Makarov kuliko anayelala na mauzo ya wiki chini ya godoro. Hili halisemwi na wauza silaha, kwa sababu zilizo wazi.

Watu wa kusini tumewahi pia kuona bastola ya kufichwa inavyotoka, na tuliiona kwenye televisheni. Machi 23, 2017, Nape Nnauye, mbunge wa Mtama, aliyekuwa ameondolewa uwaziri asubuhi ile, alifika mbele ya hoteli jijini Dar es Salaam kuzungumza na waandishi. Mwanamume aliyevaa kiraia akachomoa bastola na kumtaka arudi ndani ya gari. Yalichukua sekunde chache. Hakukuwa na jambazi pale, kulikuwa na kamera na mwanasiasa mwenye maneno yake. Mwigulu Nchemba, waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo, alilaani kitendo kile. Picha ile ilifundisha kitu ambacho mabingwa wa vifuko hawakigusi: bastola inayobebeka kwa raha inachomoleka kwa raha, na kiganja hakitofautishi hatari na hasira.

Haki inanitaka nitaje na upande wa pili. Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jengo la Westgate jijini Nairobi, miongoni mwa waliotangulia kuingia kuokoa watu walikuwa raia wenye leseni, wakiwa na bastola zao za kila siku. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta wa Garissa, aliingia kwa sababu ndugu yake alikuwa ndani. Bastola dhidi ya bunduki za kivita ni silaha duni, lakini watu walitoka hai kwa sababu ya wanaume wale, na picha ya msichana mdogo akimkimbilia Haji huku ameunyosha mkono ilizunguka dunia. Wakenya wenye leseni wameukumbuka mfano huo tangu hapo. Mwaka 2018 serikali yao nayo iliwaita wote wahakikiwe upya, ishara kwamba si wote waliokuwa na vyuma viunoni walikuwa mashujaa kama wale wa Westgate.

Ukiniuliza basi ipi ndiyo namna ya starehe ya kubeba bastola kutwa Newala au Masasi, nitakupa mkanda mgumu, kifuko kigumu kinachofunika triga, suruali iliyozidi saizi moja na shati zito. Kisha nitakuuliza kama biashara yako bado ina fedha taslimu za kutosha kuhalalisha taabu hiyo. Wengi wakijibu kwa ukweli watakuta haina. Walichobakiza ni mazoea, na kidogo ujiko.

Kuna kundi moja ambalo msimu huu ningependa lisome makala haya hadi hapa. Ni warithi. Baba alikuwa na leseni, baba amefariki, na bastola bado iko kabatini chini ya vitenge vya mama, hakuna aliyethubutu kuigusa wala kuisema. Leseni ile ilikuwa ya marehemu, haikurithiwa pamoja na mikorosho. Msiisafishe, msiijaribu shambani, msimpe mjomba akaishike. Wizara ya Mambo ya Ndani imewahi kutoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, ukiwamo wa mwaka 2023, lakini msikae kungoja tangazo jingine. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata, mwelezeni, afuatane nanyi hadi kituo cha polisi, na cheti cha kifo mkononi. Anayetaka kuimiliki aombe leseni yake mwenyewe kama mtu mwingine yeyote.